Somo la 14: Bei Zinapotikisika Katika Soko la Hisa

Swali la darasani

Ndugu mwanakisomo, somo hili lilianza na swali. Jioni moja, baada ya hesabu za asilimia, mama mmoja wa darasa letu aliinua mkono akasema:

"Mwalimu, mwanangu anafanya kazi mjini. Amenunua hisa za kampuni. Wiki iliyopita alinipigia simu, akasema bei ya hisa zake imeanguka vibaya kwa siku moja. Jana amepiga tena. Anasema bei imepanda, hatari imepita, na huu ndio wakati wa kununua nyingine kabla hazijawa ghali. Anataka niuze ng'ombe wawili nimpelekee fedha. Je, nimsikilize?"

Darasa liligawanyika. Wengine walisema auze, maana kijana amesoma. Wengine walisema soko la hisa ni kamari ya watu wa mjini. Mwishowe tulikubaliana tusimjibu mama kwa kubahatisha. Kwanza tujifunze, halafu tuseme. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Hisa ni nini?

Wengi wetu tunalijua neno hisa kutoka katika ushirika. Tuseme watu 100 wa kijiji wanataka mashine ya kusaga nafaka. Kila mmoja anatoa shilingi 50,000. Zinapatikana shilingi 5,000,000, na mashine inanunuliwa. Kila mmoja sasa ana hisa moja. Mashine ikipata faida, wenye hisa wanagawana. Sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa huitwa gawio.

Sasa tuseme mwenye hisa mmoja anahama kijiji na anataka kuuza hisa yake. Kama wanunuzi ni wengi, huenda akapata shilingi 60,000. Kama ana haraka na wanunuzi ni wachache, huenda akapata 40,000 tu. Angalia vizuri: mashine ni ile ile, na inasaga madebe yale yale. Kilichobadilika ni bei ya hisa. Jambo hili tutalihitaji mbele.

Soko la hisa ni mahali ambapo hisa za makampuni huuzwa na kununuliwa kila siku ya kazi. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi wa Aprili 1998. Soko la New York, nchini Marekani, ndilo kubwa kuliko yote duniani. Kwa kuwa kumbukumbu zake ni za miaka mingi, tutachukua mifano yetu huko.

Ili kujua kama bei za hisa kwa jumla zimepanda au zimeshuka, Wamarekani wana kipimo kinachoitwa wastani wa Dow Jones. Kipimo hiki huunganisha bei za hisa za makampuni makubwa 30.

Jumatatu, tarehe 19 Oktoba 1987

Katika miezi minane ya kwanza ya mwaka 1987 bei za hisa huko New York zilipanda sana. Watu wengi walinunua kwa sababu waliona wenzao wakipata faida. Katikati ya Oktoba bei zilianza kuteremka siku baada ya siku. Jumatatu, tarehe 19, watu walikimbilia kuuza wote kwa pamoja. Baadhi ya makampuni makubwa yalikuwa yamepanga katika kompyuta kwamba bei ikishuka, yauze. Bei iliposhuka, yakauza. Yalipouza, bei ikashuka zaidi. Iliposhuka zaidi, yakauza tena.

Jioni kipimo kilikuwa kimeanguka kwa asilimia 22.6. Mpaka leo hakuna siku nyingine ambayo kipimo hicho kimeanguka kwa asilimia kubwa kama hiyo.

Je, siku zilizofuata soko lilitulia? Tufuate shilingi 1,000. Tuseme mtu alikuwa na hisa za shilingi 1,000 Ijumaa, tarehe 16 Oktoba, soko lilipofungwa, na hisa zake zilikwenda sawasawa na kipimo. Safari ya fedha zake ilikuwa hivi:

Ijumaa, tarehe 16: shilingi 1,000
Jumatatu, tarehe 19: shilingi 774
Jumanne, tarehe 20: shilingi 819
Jumatano, tarehe 21: shilingi 903
Alhamisi, tarehe 22: shilingi 868
Ijumaa, tarehe 23: shilingi 868
Jumatatu, tarehe 26: shilingi 798

Soma orodha hii mara mbili. Jumatano peke yake bei zilipanda kwa asilimia 10. Mtu aliyeitazama siku hiyo angeweza kusema, "Hatari imepita." Lakini Jumatatu iliyofuata bei zilianguka tena kwa asilimia 8. Katika siku za kawaida, kipimo hiki kikipanda au kushuka kwa asilimia 1, watu huona kuwa ni badiliko la kutosha kuzungumzwa. Hapa kilikwenda asilimia 6, 8 na 10, leo juu, kesho chini.

Hili ndilo fundisho la kwanza: baada ya mtikisiko mkubwa, soko halitulii mara moja. Siku za mabadiliko makubwa hufuatana. Nyingine ni za kushuka, nyingine ni za kupanda. Utulivu hurudi polepole, kwa wiki nyingi au miezi.

Ndugu zetu wa Kagera wanaweza kulielewa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka huko, na nyumba nyingi zilibomoka. Baada ya tetemeko kubwa, mengine madogo yalifuata. Soko nalo hutetemeka zaidi ya mara moja. Tofauti ni kwamba mtetemeko wa soko unaweza kuirusha bei juu kama unavyoweza kuitupa chini.

Kwa nini mitikisiko hufuatana?

Zipo sababu nyingi. Hapa tutataja nne.

1. Wenye madeni hulazimika kuuza. Mtu aliyenunua hisa kwa fedha za mkopo huambiwa na mkopeshaji alipe au auze. Yeye hauzi kwa sababu anaona ni vizuri kuuza. Anauza kwa sababu amebanwa. Kuuza kwake kunashusha bei, na mdaiwa mwingine naye anabanwa.

2. Wanunuzi hujificha. Katika siku za kawaida wapo wafanyabiashara walio tayari kununua na kuuza wakati wote. Bei zikitikisika, wengi wao wanaogopa na kujitoa. Gulio likiwa na wanunuzi 50, mtu akileta mbuzi watano bei haibadiliki sana. Gulio likiwa na wanunuzi watatu, mbuzi hao hao watano watashusha bei. Sokoni pia, wanunuzi na wauzaji wakiwa wachache, mauzo madogo tu yanaisukuma bei mbali.

3. Habari hufika vipande vipande. Leo inasemekana benki fulani iko taabani. Kesho inasemekana serikali itasaidia. Kila habari inawafanya watu wabadili mawazo, na bei inabadilika pamoja nao.

4. Watu hutazamana. Mtu asiyejua la kufanya humtazama jirani. Jirani akikimbia, naye anakimbia. Jirani akirudi, naye anarudi.

Wataalamu walilionaje?

Huenda utashangaa kusikia kwamba jambo hili lilionekana wazi katika bei za pamba. Mtaalamu wa hesabu aliyeitwa Benoit Mandelbrot alichunguza bei za pamba za miaka mingi huko Marekani. Mwaka 1963 aliandika kwamba mabadiliko makubwa ya bei huelekea kufuatwa na mabadiliko makubwa, na madogo hufuatwa na madogo. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Robert Engle, alitunga njia ya kupima jambo hilo kwa hesabu. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo.

Lakini sikiliza vizuri walichosema na ambacho hawakusema. Walisema kwamba baada ya siku ya mtikisiko, tunaweza kukisia kuwa kesho huenda pakawa na mtikisiko pia. Hawakusema kwamba tunaweza kujua kama bei ya kesho itapanda au itashuka. Ukubwa wa badiliko unaweza kukisiwa kwa kiasi fulani. Upande wake ni vigumu kuujua.

Miaka miwili iliyofanana mwanzo na kutofautiana mwisho

Hapa tunafika kwenye jambo linalowapoteza watu wengi. Bei ikianguka, kisha ikipanda kwa nguvu, watu husema soko limepona. Tulinganishe mwaka 1929 na mwaka 1987.

Tarehe 28 Oktoba 1929 bei za New York zilianguka kwa asilimia 13 hivi. Siku ya pili zilianguka kwa asilimia 12 hivi. Siku ya tatu zilipanda kwa asilimia 12. Siku ya nne zilipanda tena kwa karibu asilimia 6. Baada ya siku chache zikaanguka upya mpaka katikati ya Novemba. Unaona kwamba wiki hizo zinafanana sana na zile za 1987: kuanguka, kuruka, kuanguka tena.

Lakini mwisho wake haukufanana.

Mwaka 1987 ulimalizika kipimo kikiwa juu kidogo kuliko kilivyokuwa mwaka ulipoanza. Mwezi wa Agosti 1989, yaani baada ya miaka miwili, bei zilikuwa zimefika tena kwenye kilele cha Agosti 1987.

Mwaka 1929 ulikuwa na mwisho mwingine. Kuanzia katikati ya Novemba 1929 mpaka Aprili 1930 bei zilipanda. Kila shilingi 100 zikawa kama shilingi 148. Wengi walirudi kununua wakiamini hatari imekwisha. Kumbe haikuwa imekwisha. Bei zilianza kuteremka upya, zikaendelea kuteremka kwa miaka miwili. Mwezi wa Julai 1932, kila shilingi 100 za Novemba 1929 zilikuwa zimebaki kama shilingi 21 tu. Kipimo hakikufika tena kwenye kilele cha 1929 mpaka Novemba 1954. Hiyo ni miaka 25. Aliyekuwa kijana alikuwa mtu mzima.

Kwa nini miaka hiyo ilitofautiana? Kumbuka mashine yetu ya kusaga. Mwaka 1987 bei za hisa zilianguka, lakini mashine ziliendelea kusaga. Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba benki kuu ya Marekani ilitangaza kwamba iko tayari kuzipa benki fedha zinazohitajika. Viwanda viliendelea na kazi. Baada ya 1929 mashine zenyewe zilisimama. Maelfu ya benki yalianguka, viwanda vilifungwa, na mamilioni ya watu walikosa kazi. Shida hiyo ilifika mpaka Tanganyika. Bei za mkonge, kahawa na pamba zilianguka, na vibarua wa mashamba ya mkonge wakapunguziwa mishahara au wakaachishwa kazi.

Hili ndilo fundisho la pili: bei ikipanda kwa nguvu baada ya kuanguka, hiyo peke yake si dalili ya kupona. Inaweza kuwa kupona, na inaweza kuwa mtikisiko mwingine tu. Bei ya siku mbili tatu haiwezi kukuambia. Uliza habari za mashine: je, bado inasaga?

Je, kufunga soko kunasaidia?

Mwaka 1987 wakuu wa soko la Hong Kong walilifunga soko lao kwa siku nne, kuanzia tarehe 20 Oktoba. Walitumaini hofu itaisha. Lilipofunguliwa tarehe 26, bei zilianguka kwa asilimia 33 kwa siku moja. Waliotaka kuuza walikuwa wamengoja mlangoni, na hofu yao ilikuwa imezidi.

Marekani ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1988 ina kanuni za kusimamisha biashara kwa muda mfupi bei zinapoanguka sana, ili watu wapumue na kufikiri. Machi 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, biashara ya New York ilisimamishwa kwa dakika 15 katika siku nne tofauti. Mitikisiko iliendelea hata hivyo. Tarehe 12 kipimo kilianguka kwa asilimia 10. Tarehe 13 kilipanda kwa asilimia 9. Tarehe 16 kilianguka kwa asilimia 13. Tarehe 24 kilipanda kwa asilimia 11. Mapumziko ya dakika 15 huwapa watu nafasi ya kufikiri. Hayaondoi sababu ya hofu.

Mfano wa jirani

Tusidhani haya ni ya New York tu. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa kwa wananchi wa Kenya kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu wengi mno walizitaka, na baadhi yao walikopa benki ili wanunue. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni, bei ilipanda mpaka zaidi ya shilingi 7. Watu walishangilia. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Miaka ya baadaye ilipanda tena, ikapita sana shilingi 5.

Fikiri juu ya watu wawili. Mmoja alinunua kwa akiba ambayo hakuihitaji. Aliweza kungoja. Mwingine alinunua kwa mkopo. Benki haikungoja. Hisa zilikuwa zile zile, na kampuni ile ile. Kilichowatofautisha ni fedha waliyoitumia.

Tukarudi kwa mama

Wiki iliyofuata mama alikuja mapema, akakaa mbele. Hatukumwambia auze ng'ombe, wala hatukumwambia asiuze. Mali ni yake. Tulimwuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: "Mama, siku ngapi zimepita tangu bei ilipoanguka?" Alisema siku tisa. Basi soko lilikuwa bado ndani ya mitikisiko.

Swali la pili: "Kijana anajua nini juu ya kampuni yenyewe? Inaendeleaje na kazi yake? Inalipa gawio?" Alisema kijana alimweleza bei tu.

Swali la tatu: "Ng'ombe hao umewaweka kwa kazi gani?" Hapo mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Wale ni ada ya shule ya mdogo wake, mwezi wa Januari."

Mzee mmoja wa darasa akasema, "Basi hiyo si fedha ya kungoja miaka miwili, seuze miaka ishirini na mitano."

Mama alimpigia simu mwanawe usiku ule. Alimwambia hivi: "Zile ulizonazo zitunze, usiziuze kwa hofu. Lakini usikope, na ng'ombe wa mdogo wako hawatoki. Kwanza kaniulizie habari za kampuni yenyewe, halafu tutazungumza."

Mambo ya kukumbuka

1. Bei ya hisa na kazi ya kampuni ni vitu viwili. Bei inaweza kuanguka kwa siku moja na kampuni ikaendelea kufanya kazi.
2. Baada ya mtikisiko mkubwa, tegemea mitikisiko mingine, ya kushuka na ya kupanda.
3. Kupanda kwa ghafla baada ya kuanguka si ushahidi wa kupona.
4. Usinunue hisa kwa fedha ya mkopo, ya chakula, ya mbegu au ya ada ya shule.
5. Uamuzi mkubwa usifanywe katika siku za hofu wala katika siku za shangwe.

Maneno ya kujifunza

Hisa: sehemu ya mali ya kampuni au ushirika.
Gawio: sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa.
Kilele: mahali pa juu kabisa bei ilipofika.
Mtikisiko: badiliko kubwa la ghafla.
Wastani: hesabu moja inayowakilisha hesabu nyingi.

Hesabu

1. Hisa ya shilingi 1,000 imeshuka kwa asilimia 50. Sasa ni shilingi ngapi? Kisha imepanda kwa asilimia 50. Je, imerudi shilingi 1,000? Ili irudi, inatakiwa ipande kwa asilimia ngapi?
2. Tazama tena orodha ya Oktoba 1987. Mtu aliyeuza jioni ya tarehe 19 na kununua tena jioni ya tarehe 21 alipoteza shilingi ngapi kwa kila hisa zenye bei ya shilingi 774?

Maswali ya majadiliano

1. Je, kijijini kwenu bei ya zao gani imewahi kupanda au kushuka ghafla? Wiki zilizofuata ilitulia, au iliendelea kutikisika?
2. Mzee ana akiba ambayo hataihitaji kwa miaka mitano. Kijana ana mkopo wa kulipa kila mwezi. Bei za hisa zimeanguka leo. Nani ana sababu ya kuogopa zaidi? Toa sababu.
3. Kama ungekuwa wewe ndiye mama wa darasa letu, ungemjibuje mwanao?